Kahawa Kutoka Viti vya Buluu

Kijijini kwa akina Lambros, kule kwenye mashamba ya machungwa nje ya mji wa Argos, saa mbili kwa gari kutoka Athene, chama cha mtu kilijulikana kwa mahali anaponywea kahawa. Wajamaa walikunywa kwenye viti vya kijani. Wahafidhina walikunywa ng'ambo ya barabara, kwenye viti vya buluu, na kuvuka ilikuwa sawa na kubadili dini. Sasa mkahawa wa kijani ulikuwa umefungwa tangu Krismasi. Mwenyewe alishindwa kodi, akamfuata mwanawe Australia. Wateja watatu waliobaki wakaweka benchi nje ya mlango uliofungwa, na kila asubuhi Bi Polikseni wa viti vya buluu akawavushia kahawa kwenye sinia, maana wao kuingia kwake, heri wafe na kiu. Asubuhi hiyo ya Machi Lambros alikaa katikati ya benchi, roho juu. Binti yake Evanthia, daktari, alikuwa amepata kazi kwenye hospitali moja ya Stuttgart, na alitakiwa ajibu kabla ya adhuhuri. Lambros alikuwa hajamwambia neno. Alitaka abaki, basi, hakuna alichokitaka zaidi ya hicho.

Kulia kwake alikaa Brussels, baba wa ubatizo wa Evanthia. Ushirika wa machungwa ulimpeleka Brussels siku tatu enzi za neema, na mpaka leo akili yake haijarudi. Kushoto alikaa Drakma, ambaye kila bei aliigeuza kwanza kuwa pesa ya zamani ndipo alalamike.

— Dawa ni moja tu, alisema Brussels. Ulaya iwe nyumba moja kweli kweli. Hazina moja, kodi moja, pensheni moja. Umoja ni nguvu, jamani!

— Umoja gani, we bwana? alidakia Drakma. Nyumba moja, mmoja anakula nyama, mwenzake analamba sahani, halafu mla nyama ndo anamwambia mlamba sahani apunguze kula!

— Ndo maana nasema hazina moja.

— Watakubali wapi? Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi tumekaa kwao miaka zaidi ya thelathini, sasa ndo tunapewa jembe letu.

— Drakma, methali hiyo haiingii hapo.

— Iingie wapi? Kwani jembe hatujapewa?

Bi Polikseni alifika na sinia, akihema.

— Hivi nyie wazee mna akili kweli? Wakubwa wenu huko Athene wako serikali moja na wakubwa wangu, kijani na buluu wanakula sahani moja. Nyie mnanivusha barabara kila siku! Magoti yangu yamewakosea nini?

— Wale wameuza chama, Bi Poli, alisema Lambros. Sisi hatujauza.

— Kunyweni basi hicho chama chenu kabla hakijapoa, alisema, akarudi kwake.

Walicheka, Lambros naye, ila kicheko hakikumshuka. Mama yake alifia juu ya lori la machungwa, njiani kupelekwa hospitali, wakati kijiji hakina hata bandeji. Kisha chama kikashinda, kikajenga kituo cha afya pale juu karibu na kanisa, na Lambros akacheza ngoma mpaka kiatu kikapasuka. Chama hichohicho kilimsomesha Evanthia udaktari bure, mtoto wa mchuma machungwa. Tangu binti akiwa darasa la kwanza, baba alikuwa akimwona mle kituoni, koti jeupe, akipima wazee presha. Leo kituo kilifunguliwa Jumanne na Alhamisi tu, na wadai wa nchi, Wajerumani mbele, walikuwa wamekataza kuajiri. Lambros aliitamani mno ile miaka. Hakuitamania pesa zake. Aliitamania ile hali ya kulala ukijua kesho itakuwa afadhali kuliko jana.

— Chama kilikuwa mama, alisema.

— Mama kazeeka, alisema Brussels.

— Hajazeeka, akadakia Drakma. Kaolewa na mabenki! Sasa sikilizeni mpango wangu mimi. Vijana wetu wote waende wakaoe na kuolewa Ujerumani. Wote! Baada ya miaka thelathini, wizara yao ya fedha imejaa wajukuu zetu. Uliona wapi mjukuu akamdai babu yake?

— Heee! alisema Brussels. Basi twende na wazee, tuwaachie Wajerumani nchi waje kuota jua. Getini kiingilio.

— Na machungwa atachuma nani?

— Haohao! Wakitaka kivuli, wachume kwanza!

Brussels alijipiga paja kwa kucheka, kisha akauona uso wa Lambros.

— Nisamehe, ndugu yangu. Ulimi hauna mfupa.

Evanthia alikuwa anavuka barabara, simu mkononi, macho mekundu. Aliwaamkia wote, akambusu mkono Brussels, akasimama mbele yao.

— Wazee wangu, naomba mnijibu kitu kimoja. Leo hii mngekuwa na umri wangu, mngebaki?

Drakma, mtu ambaye sasa hivi ameiozesha nchi nzima, aliinamia kikombe chake akakikuta hakina kitu ila machicha. Lambros alikuwa na neno moja tu kooni, na alijua akilitamka binti yake atabaki, maana ndivyo alivyo mtoto huyu, hajawahi kumvunja baba yake. Atabaki, atangoja kazi isiyokuja, atazeekea benchini hapa pamoja nao. Akalimeza.

— Stuttgart kuna baridi, mwanangu, alisema. Koti zito unalo?

— Sina, baba.

— Twende Argos kesho, tukakutafutie.

Evanthia alimtazama sana. Brussels akasogea, binti akakaa, akaegemeza kichwa kwenye bega la baba yake na kubonyeza namba. Alipoanza kuongea Kijerumani, Lambros hakuelewa hata neno moja. Akawa anaisikiliza sauti tu.