Lango Lililovunjwa Ili Mgeni Apite

Mgeni Rasmi, viongozi mliofuatana naye, na ndugu zetu mliosimama juani kwa kuwa viti vimeisha:

Anayewasomea ni msusi wa mtaa. Katibu wetu ana homa tangu jana, alipoitwa ofisini kuulizwa tumeandika nini.

KARIBU

Umekuja kuzindua Wiki ya Kuhifadhi Mji wa Kale, nasi tunakukaribisha kwa heshima zote. Tungekukaribisha langoni, lakini lango halipo. Mawe yake ndiyo yaliyopangwa yakawa jukwaa hilo ulilokalia, yakatandikwa zulia. Kiti kikiyumba, Mheshimiwa, usimlaumu seremala.

HISTORIA

Huu ulikuwa mji kwelikweli. Wahunzi, wafumaji, wauza chumvi na waandishi wa hati walikuwa na mitaa yao, na misafara ilipiga kambi nje ikisubiri zamu ya kuingia. Lango Kuu lilijengwa jembamba makusudi. Awe mfalme, awe mchunga punda, kila mtu alishuka akaingia kwa miguu. Adui waliuzingira mji huu, wakachoka, wakaenda zao.

Baadaye njia ya biashara ilihamia kwingine, na wenye mali wakaifuata. Ndipo wakaanza kuja wakubwa wa kuusifia mji. Mmoja alisifia jumba la mfalme, akaondoka na nguzo zake akajengee mahakama. Mwingine alisifia ukuta, akaubomoa nusu apate mawe ya kambi ya askari. Kila aliyetusifia alituacha na kidogo kuliko alichokikuta. Mwisho tulibaki na lango tu.

MAFANIKIO

Ofisi ya maandalizi ilisema lazima tuwe na mafanikio. Haya: nyumba zinazoonekana kutoka barabarani zimepakwa chokaa. Zisizoonekana zimebaki zilivyo. Tumejengewa pia choo cha wageni, na ofisa ataondoka na ufunguo wake jioni.

CHANGAMOTO

Changamoto yetu imekaa mstari wa pili, amejifunga kitambaa cha kijani. Tunamwita Bibi Funguo. Ni mjane. Kazi ya kufungua lango alfajiri na kulifunga usiku aliachiwa na mama mkwe wake, na chumba chake kilikuwa juu ya lango lenyewe. Wanawe wote walizaliwa humo.

Wiki iliyopita alikuja ofisa na utepe wa kupimia.

"Mama, gari la Mheshimiwa halipiti hapa."

"Si ashuke, mwanangu? Kwani anaumwa miguu?"

"Hili ni agizo kutoka juu."

"Huko juu nalala mimi, na sijaagiza kitu."

Tulicheka sana. Tingatinga lilipokuja hatukucheka tena. Tulipima wenyewe, tukaona gari lingepita vioo vya pembeni vikikunjwa. Tukaomba vikunjwe. Tukajibiwa kwamba vioo vya gari la Mheshimiwa havikunjwi.

Bibi alitoa godoro, sufuria zake na kioo ambacho marehemu mumewe alikuwa akinyolea ndevu, akaketi upande wa pili wa barabara kutazama. Mchana kutwa hakutoa chozi. Alilia ulipofika wakati wa kufunga. Alisimama pale kwenye uwazi, ufunguo mkononi, akigeuka huku na huku, mpaka tulipomshika mkono tukampeleka kwa mpwa wake. Analala jikoni hadi leo.

Mheshimiwa, tuna hasira. Ofisi ilikata neno hilo kwenye risala yetu. Tumelirudisha.

MAOMBI

Lori lile nyuma yako halikuleta viti. Sherehe ikiisha litabeba mawe haya yakapondwe, yajazwe barabarani. Waashi wetu wameyatia alama za mkaa, wanajua kila jiwe lilikaa wapi, na wako tayari kulisimamisha lango upya kwa mikono yao. Yakishapondwa, basi tena.

Tunaomba uchukue kipaza sauti hiki, kabla hujapanda gari, umwambie dereva wa lori aende zake bila mzigo. Sisi tukimwambia, yeye hatusikii. Tunaomba pia, ukiona inafaa, utoke kwa miguu.

ZAWADI

Ratiba inasema sasa tukukabidhi ufunguo wa Lango Kuu, upigwe nao picha. Sinia ndiyo hii. Unaiona ni tupu. Asubuhi tulikwenda kumwomba Bibi Funguo, akatupa jibu tulifikishe kama lilivyo:

"Mwambieni ufunguo ninao. Siku lango litakaposimama nitampelekea mwenyewe, kwa miguu yangu, hata akiwa anakaa mbali vipi. Leo nikimpa, atafungua nini?"

Mungu akupe afya, Mheshimiwa, akupe na masikio. Akufikishe nyumbani salama. Njia ni pana.

Ni sisi,
Wakazi wa Mtaa wa Lango Kuu.