Kidole Kimoja cha Kushoto

BABA: Haloo? Nasikia upepo tu. Nani mwenzangu?

BINTI: Ni mimi, Baba. Shikamoo. Natumia simu ya kazini, yangu imezima.

BABA: Marahaba. Afadhali umepiga. Tangu asubuhi nipo mbele ya hii kompyuta yako, mgongo umekufa ganzi.

BINTI: Na Mama?

BABA: Yupo hapa ubavuni. Nimemwogesha, nimemvisha gauni la— [mikwaruzo] —la safari.

BINTI: Mama Mkubwa anafika saa ngapi?

BABA: Saa nane, na gari. Anasema mdogo wake sasa atakaa kwake. Wewe ndiye uliyempigia?

BINTI: Nilipokuja mara ya mwisho ulisinzia ukimlisha Mama, kijiko cha uji mkononi, Baba.

BABA: Sikukuuliza hilo.

BINTI: Najua.

BABA: Basi tuyaache. Mwaka mzima tangu kiharusi, hakuna aliyemsikia. Kinachosogea ni kidole kimoja tu cha kushoto. Umesema programu hii itapitisha taa kwenye herufi, yeye abonyeze ikifika anayoitaka. Nataka aseme mwenyewe: aende, abaki. Lakini hii Linux ya kompyuta yako imenikataa!

BINTI: Inasema nini?

BABA: Nimefungua kidirisha cheusi, nimenakili mstari wote wa amri ulioniandikia. Ikataka neno la siri. Nikaandika. Ikasema samahani, jaribu tena. Mara tisa!

BINTI: Uliandika nini?

BABA: Ulichoandika kwenye karatasi. Nyota sita.

BINTI: Nyota... Baba! Nyota niliweka ili mtu mwingine asilisome, nikasahau kukutajia!

BABA: Miaka thelathini ya ukarani masjala, sikuwahi kuongeza wala kupunguza kilichoandikwa. Nyota ni nyota.

BINTI: [anacheka, anakohoa] Haya. Neno lenyewe ni lile jina unalomwita Mama mkiwa wawili.

BABA: Umelijulia wapi wewe?

BINTI: Kuta za nyumba yetu ni nyembamba. Andika.

BABA: Usinichekeshe, nina usingizi. Mbona haionyeshi kitu?

BINTI: Inaficha tu. Andika hadi mwisho, bonyeza Enta.

BABA: [anabonyeza] Eh! Maandishi yanamwagika kama maharage. Nimeharibu?

BINTI: Hujaharibu. Ndiyo inapakia. Ikiuliza, bonyeza Y.

BABA: Y. Imenyamaza. Sasa kuna— [mikwaruzo] —herufi zote kwenye kioo. Taa inatembea. Mke wangu, umeiona? Ukitaka herufi, bonyeza hapa. Hapa.

BINTI: Usimharakishe.

BABA: Taa imepita. Imepita tena. Anaitazama... Kabonyeza! N.

BINTI: N?

BABA: N. Halafu I. T.

BINTI: Baba, msimamizi ananitafuta, nimejificha stoo. Endelea.

BABA: A. Nita... Nitabaki! Si unaona? Nilikuambia mimi! Anaandika nita—

BINTI: Mwache amalize.

BABA: Namwacha. Ya tano hiyo...

BINTI: Baba?

BABA: E.

BINTI: E.

BABA: N. D. A. Labda kidole kimeteleza.

BINTI: Soma kilichoandikwa, Baba.

BABA: Nitaenda.

BINTI: Baba...

BABA: Ngoja, taa bado inatembea. U. L. A... Pole pole, mke wangu. L. E.

BINTI: Ulale.

BABA: Mimi nilale! Mwaka mzima hana neno, amelipata, ananiambia mimi nikalale. [anapenga kamasi] Mafua haya.

BINTI: Nilikosea kukuficha. Nisamehe.

BABA: Tumechoka wote, mwanangu. Hata yeye ameliona.

BINTI: Msimamizi huyu hapa. Baba, kompyuta aende nayo, na waya wake—

BABA: Subiri, anabonyeza tena. K. I. S... Gari linapiga honi nje.

BINTI: Lazima nikate! Kis nini?

BABA: Kisha. Kisha... U. J. E.

BINTI: Kisha uje! Anakuita, Baba!

BABA: Naona. Nami kusoma najua. Haya, kata, usifukuzwe kazi. Acha nikawaambie wa kwenye gari wazime injini. Mama yako anaongea.