Bi Mwanasaumu wa Mawe ya Baharini Anapumzika

Ijumaa hii, tarehe 31 Oktoba 1997, Bi Mwanasaumu Mwidani wa Timbwani, kule Likoni, astaafu baada ya kuosha mawe miaka kumi na mitano na miezi saba. Miaka yote hiyo yuwavuka feri ya alfajiri kutoka Likoni kuja ghala letu hapa Changamwe, na kabla hajavua viatu ushajua nani kaoa na nani kaachwa.

Kwa wageni msioijua kazi yetu: chini ya bahari hapa mbele kuna mabonde. Wataalamu wasema zamani sana ardhi ilipasuka, pakazama, pakajaa tope juu ya tope, na tope hilo likipikwa na joto la chini laweza kutoa mafuta na gesi. Wakichimba kisima huko baharini, vipande vya mawe vyaletwa kwetu, kila mfuko umeandikwa kina chake. Nusu ya mfuko Bi Mwanasaumu aiosha na kuianika, nusu aiweka na tope lake vivyo hivyo. Kisha wataalamu watazame, waamue bonde lina tamaa ya mafuta au halina.

Alipoanza, mwaka 1982, aliambiwa tu: yaoshe. Mwanamke wa Timbwani huyo, umwambie aoshe! Akatia sabuni ya unga, akasugua kwa makumbi ya nazi, akaanika mkekani mawe yang'ara kama sahani za Idi. Bwana Kefa, mtaalamu wa mawe wa wakati ule, alipoingia akashika kichwa.

"Mama, hizi ni mawe ama ni vyombo vya harusi?"

Kumbe yale madoa aliyoyasugua ndiyo mafuta yenyewe yanayotafutwa. Mifuko arubaini ilikuwa ishakwenda na povu. Bwana Kefa akamsitiri, hakuandika kitu. Akamfundisha kutumia maji matupu, na mwaka uliofuata akahamia ng'ambo.

Basi mwaka 1995 wakaja wakaguzi kuyapima mabonde upya. Mkubwa wao Bwana Phineas, mtu asiyecheka hata umtekenye. Wakaitazama ile nusu iliyooshwa ya mifuko ile ile arubaini, wakaandika: bonde la kusini halina dalili ya mafuta, liachwe. Na bonde likishaachwa, hakuna meli itakayorudi kulitazama.

Bi Mwanasaumu aliyasikia hayo akipanga rafu. Alikuwa amebakisha miaka miwili tu, na kuharibu mawe ya kisima ni jambo la kufukuzwa. Siku mbili hakula. Nilimletea habari moto moto za mtaa wa Junda, hakuzitaka. Wallahi hapo ndipo nilipojua pana jambo.

Siku ya tatu akabisha kwa Bwana Phineas.

"Baba, mawe yale niliyaosha kwa sabuni mimi. Yenyewe hayana makosa. Nusu yake iko nyuma, na tope lake. Ifungueni."

"Na kwa nini unaniambia leo, mama?"

"Kwa sababu hiyo karatasi haijatoka hapa bado."

Wakaifungua. Ile taa yao ya zambarau, inayoyafanya mafuta yawake, yataka giza, na dirisha la ghala halina pazia. Bi Mwanasaumu akavua buibui lake akalitundika dirishani. Mawe yakawaka manjano, vitone vitone kama vimulimuli. Tusidanganyane, mafuta hayajapatikana. Lakini bonde limerudi kwenye orodha, na meli ya kulipima yatarajiwa mwakani, inshallah.

Sisi tulishamwandalia machozi ya kumuaga, tukijua atafukuzwa. Bwana Phineas akampa kalamu tu, akamwambia kila mfuko lazima useme ukweli wake. Bi Mwanasaumu akakaa chini, akaandika kwa mkono wake, mfuko baada ya mfuko, wote arubaini: "Niliosha kwa sabuni. Mwanasaumu." Mtaalamu wa miaka ijayo, atoke nchi atakayotoka, atalisoma jina hilo kabla hajagusa jiwe, na hatadanganyika.

Ahsante, dada yetu. Sasa lala mpaka jua likuamshe, Mungu akupe afya na wajukuu wanaosikia. Na siku meli ikituletea habari njema, twaja Timbwani sote kukueleza, mimi mbele.

Mwanatatu, wa jikoni, kwa niaba ya wafanyakazi wote