Chanjo ya Kuku Mia

Tulipotoka Ngara kwa gari la abiria kuelekea Kabanga, mama aliyekaa mbele yangu alimwuliza jirani yake wa kiti, kijana muuza dawa za mifugo, kwa nini kuku wake kumi na wawili wamekufa ndani ya juma moja.

"Shingo zilipinda, mama?"

"Zilipinda, na kinyesi kilikuwa cha kijani."

"Hicho ni kideri, hakina dawa. Ungewachanja mapema, tone moja tu jichoni."

Mama akamgeukia mzimamzima. "Unanifundisha chanjo? Niliambiwa chupa moja ni ya kuku mia, haifunguliwi kwa kumi na wawili. Nikapita nyumba kwa nyumba mpaka mia wakatimia. Tukawafungia ndani tangu alfajiri, tukimngoja mchanjaji wenu."

"Mimi siye..."

"Ni nyinyi nyinyi!"

Kijana, ambaye kosa lake lilikuwa kuchagua kiti kile, akauliza taratibu, "Hakufika?"

"Alipiga simu jioni, eti pikipiki imeharibika. Mpaka leo hajatokea. Sasa majirani wamepoteza kuku, na anayelaumiwa ni mimi."

Gari likasimama njia panda. Mama akashuka bila kuaga. Kijana akatoa kichwa dirishani. "Mama, nipe namba yako, nitakuja mwenyewe!"

"Uje umchanje nani?"