Mayai ya Dokta Evelina

Wazee wetu shikamooni, ndugu, majirani na wote mliovuka kuja Busisi kulia pamoja nasi, mimi ni Luhende, mdogo wake marehemu, familia imenituma niwasomee maisha ya dada yangu, Dkt. Evelina Ng'washi Mashimba.

Alizaliwa hapa Busisi tarehe 12 Machi 1979, mtoto wa kwanza wa mzee Mashimba na mama Modesta, akasoma shule ya msingi hapa hapa kuanzia mwaka 1987 hadi 1993, sekondari akavukia Mwanza, kisha chuo kikuu Dar es Salaam, alikohitimu shahada ya baiolojia mwaka 2004.

Tarehe 16 Agosti 2008 alifunga ndoa na shemeji yetu Jonathan Owiti, mwalimu kutoka Musoma, wakajenga Pasiansi, Mwanza, na tarehe 3 Mei 2009 wakampata Odera, aliyezaliwa na ugonjwa wa ini, macho yake yakiwa ya njano, akakaa nasi hadi tarehe 11 Juni, tukamzika hapa, pembeni ya kaburi tulilochimba leo. Mdogo wake, Princess Akelo, tuliye naye hapa, alizaliwa tarehe 20 Januari 2012.

Tangu Odera aondoke, dada alikuwa na swali moja tu, nalo ndilo lililompa shahada ya uzamivu mwaka 2016 na kazi ya utafiti chuoni, kwamba ini changa linajuaje wakati wa kuanza kazi, yaani jeni zinazotengeneza vipokezi vya ini, ile milango midogo ya kupokea mafuta na homoni kutoka kwenye damu, zinawashwa na nini, na kwa nini nyingine huchelewa. Jibu alilitafuta kwenye mayai ya kuku, akiyafungua kabla hayajaanguliwa, kila yai akilitia alama ya mkaa kama mama alivyomfundisha, nasi tukimtania kwamba ni daktari ambaye wagonjwa wake hawajazaliwa, naye akicheka, ingawa nyumbani wote tulijua anamtafuta nani.

Figo zilianza kumsumbua Februari 2025, akalazwa mara ya mwisho tarehe 20 Oktoba, akiacha jikoni mayai ya utafiti, na mama alipoona mkaa akajua ni ya kuatamiwa, maana kwetu yai lenye mkaa halipikwi, kesho yake akamwekea kuku. Dada alipoambiwa tulidhani atafoka, kumbe alicheka hadi akakohoa, akaomba yasiguswe, akasema miaka yote hiyo hajawahi kuliacha hata moja lifike mwisho, na anatamani sana kuwasikia vifaranga wakilia. Alifariki tarehe 9 Novemba alfajiri, wao wakaanguliwa tarehe 11.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani wa Pasiansi ambao hawakutuacha peke yetu, na wenzake wa maabara, walioahidi kuliendeleza swali lake.

Sauti mnayoisikia nyuma ya turubai ni ya vifaranga hao, mama alikataa kuwaacha, amevuka nao darajani ndani ya boksi la sabuni, na hakuna aliyekuwa na ubavu wa kumkatalia. Dada Evelina, wamefika mwisho, wanalia, nawe lala kwa amani karibu na mwanao.