Wembe wa Okal

Kijiwe chetu kiko Mirongo, hapa Mwanza, nje ya kibanda cha Yunus kinyozi: benchi moja lenye mguu mfupi, jiko la mkaa, birika la kahawa, na watu ambao kazi ziliwakimbia. Mimi wananiita Karani, kwa sababu nilikuwa karani kiwandani mpaka waliponipunguza. Chenge naye alipunguzwa siku hiyohiyo, na tangu hapo anasikiliza redio kutwa, basi jina lake likawa Redio. Ngosha peke yake ana kibarua. Anapakia minofu ya sangara kwenye ndege za Warusi pale uwanjani, na ndiye anayetuletea nyembe zao. Zamani za uhaba tulinoa wembe mmoja ndani ya glasi mpaka ukakaribia kupotea vidoleni. Siku hizi tunachagua, na mtu akishapata cha kuchagua hakosi cha kubishania. Hii ninayoisema ilikuwa Ijumaa, mwaka tisini na tano, saa nane mchana jua likiwaka, na sitaki mtu aniambie niliota.

Odongo alikuja akasimama mbele yetu. Tulimpisha akae, hakukaa.

— Yunus, nataka wembe mpya. Wa kunyoa kichwa. Usiotoa damu hata tone.

— Kichwa cha nani?

— Cha shemeji yangu Roza. Saa kumi, pale kwake Mkolani.

Roza ni mke wa Okal, ndugu wa huyu Odongo, na Okal alikuwa mwenzetu wa benchi hili. Wiki tano na siku kadhaa nyuma, siku ya Jumatatu, alivuka kwenda Sengerema na mtumbwi wa mizigo. Mtumbwi ulionekana, kofia yake ilionekana, yeye hakuonekana. Ndugu zake wakafanya wanavyofanya Wajaluo mtu wao akipotelea ziwani: wakazika tunda refu la mti wa yago badala ya mwili, kule kwao Shirati. Siku ya kumnyoa mjane ilipofika, Roza akachukua mtoto wake Sharon akatoroka, akarudi Mwanza. Alisema hanyolewi kwa ajili ya tunda. Ndugu wakamfuata, wakambembeleza wiki nzima, na asubuhi ile alikuwa amekubali. Akishanyolewa basi, Okal kafa, nyumba inafungwa, wanarudi Shirati.

— Damu mnaiogopea nini? Redio akauliza.

— Anayenyoa ni shangazi yetu Teodora. Kasema damu ikitoka, marehemu hajaridhika. Nichagulieni vizuri, narudi kuuchukua.

Akaondoka. Wenzangu hawakungoja hata avuke barabara.

— Mpe Ndege, Ngosha akasema. Ule wa paketi ya bluu yenye picha ya ndege. Mimi nanyolea kipara mara nne.

— Ndege? Redio akacheka. Ndege siku ya kwanza mtamu, siku ya pili unang'oa. Mpe Nyota. Nyota ni mkali mwanzo mpaka mwisho.

— Mkali ndiyo shida yenyewe! Nyota ulinikata sikio, Yunus ni shahidi. Shangazi wa watu ni mzee, mkono unatetemeka. Unataka wamnyoe mama wa watu mara mbili?

— Mkono ukitetemeka hata Ndege utakata. Ubapa wa Ndege ni laini, unapinda. Ukipinda unachimba.

— Wewe ukichimbwa unajuaje, ndevu zenyewe huna?

Nikaona nami nitie neno.

— Mnazunguka bure. Usiotoa damu ni mmoja tu. Bubu.

Ngosha akaacha kucheka. Bubu ilikuja paketi moja tu, karatasi nyeupe, haina picha, ina maandishi ya Kirusi ambayo hatujui hata yanaanzia wapi. Nyembe tano. Okal alizichukua zote. Kila wembe hulia ukipita kwenye ndevu, krrr, krrr, hata mpita njia anasikia. Bubu haulii. Tulikuwa tunakaa hapa Okal akinyolewa, tunadhani Yunus bado anakoroga povu, kumbe shavu moja limekwisha.

— Bubu ni wa Okal, Yunus akasema.

— Na Okal hayupo, nikamwambia. Toa mmoja, umnyoe mkewe. Si ni haki yake?

— Siwezi. Umebaki mmoja.

— Sasa huo mmoja unamtunzia nani?

— Unatumika.

Alilisema polepole, mikono ikiwa mapajani. Yunus si mtu wa mizaha. Tangu ugonjwa huu uingie mjini hajawahi kupitisha wembe wa mtu kwenye shavu la mwingine. Kila mteja ana wembe wake, umefungwa kwenye karatasi yenye jina, umelazwa ndani ya kopo la biskuti. Ndiyo maana tunamwamini.

— Unatumika na nani? Ngosha akauliza.

— Sijui. Okal alikuwa ananyoa Jumamosi, mnakumbuka. Jumamosi ya kwanza baada ya yeye kupotea, nafungua kibanda asubuhi, nakuta karatasi yake imelowa. Nafunua, wembe una ndevu. Nikasema labda nilisahau kuuosha. Nikaosha, nikafuta, nikapaka mafuta. Jumamosi ya pili, vilevile.

— Panya huyo, Redio akasema.

— Panya ananyoa?

— Basi umechanganya nyembe za watu, Ngosha akafoka, akashika kidevu chake. Sema ukweli, Yunus! Nimenyolewa wembe wa nani mimi?

— Wallahi sijachanganya! Jumamosi ya tatu nilitia kufuli kwenye kopo, ufunguo nikalala nao. Asubuhi kufuli limefungwa, wembe una ndevu. Na anabadilisha. Okal wembe mmoja alikuwa ananyolea mara mbili, anaweka pembeni, anachukua mwingine. Huyu naye anafanya hivyohivyo. Wa mwisho aliuanza Jumamosi iliyopita. Kesho ndiyo mara yake ya pili.

Redio ndiye aliyeokota maneno kwanza.

— Sikilizeni. Warusi wamevunja jeshi lao, redio imesema. Nyambizi zinakatwa vyuma chakavu. Hicho chuma mnadhani kinakwenda wapi? Kinakuja kwenye nyembe! Chuma kilichokaa chini ya maji miaka thelathini kinajua njia ya chini ya maji.

— Kinamfuata Okal ziwani?

— Kinamfuata, kinamnyoa, kinarudi.

— Mimi sitaki kusema, Ngosha akasema, na akasema. Yule fundi wa ndege aliyenipa ile paketi hakuchukua kitu. Nilimpa sangara mzima, akakataa. Alinisukumia mkononi kama mtu anayetua mzigo, akajifuta kiganja kwenye suruali.

— Mbona hukutuambia?

— Mngenyoa?

— Au Okal yuko hai, nikasema. Kajificha mahali, anakuja alfajiri.

— Anapenya kufuli? Ananyoa ndevu halafu hamwamkii hata mtoto wake?

— Maiti huota ndevu, Ngosha akanong'ona. Nimesikia kwa wanaoosha. Na kule Shirati walizika tunda. Tunda haliwezi kuota ndevu. Mwenye ndevu bado yuko majini, na ndevu zinaota.

Yunus akaingia ndani, akatoka na kopo, akafungua kufuli. Wembe wa Jumamosi iliyopita hakuwa ameuosha. Alisema mikono ilikataa. Alifunua karatasi magotini: povu lililokauka, vinyweleo vyeusi, na kati yake vichache vyeupe kabisa. Ilinuka gugu maji, lile lililojaa ufukweni mwaka ule.

— Hizo ni za nani?

Hatukumsikia Roza akija. Alikuwa amesimama nyuma ya benchi na kanga kichwani. Odongo alikuwa amemwambia toka asubuhi kwamba wembe utatoka kwa Yunus, naye akaja kuuchukua mwenyewe. Sote tukasimama.

— Karibu, mama Sharon, nikasema. Tulikuwa tunapiga soga tu.

— Nimewasikia toka kwenye mfereji. Yunus, hizo ni za nani?

Yunus akamweleza yote, kichwa kikiwa chini. Roza aliinama, akachukua unywele mmoja mweupe kwenye ncha ya kidole.

— Hapa chini ya mdomo, akasema, akigusa pake mwenyewe. Aliungua uji akiwa mdogo. Zilikuwa zinaota nyeupe, hapa tu.

Tulijua. Tulikuwa tukimtania kwa ajili hiyo.

— Huwa ni saa ngapi?

— Sijui, mama. Nikija saa kumi na mbili nakuta tayari.

— Jumamosi tano?

— Tano.

— Na hakuna aliyekaa kuangalia?

— Nilikuwa peke yangu, Yunus akasema. Niliogopa.

— Leo hauko peke yako. Mko wanne, wanaume. Wembe ni wa mwisho, na kesho nitakuwa na kipara, nitaitwa mjane wa mtu nisiyejua yuko wapi. Shangazi atanisubiri mpaka kesho mchana. Nani atakaa na mimi hapa mpaka alfajiri?

Ngosha alikuwa na ndege ya kupakia, lakini hakuitaja. Redio alizungusha kitufe cha redio iliyokuwa imezimwa. Yunus alinyoosha mkono, akamkabidhi ufunguo bila kumtazama. Mimi ndiye niliyesema Okal huenda yuko hai. Roza alinitazama mimi kuliko wote, akingoja.

Akakaa kwenye benchi letu, kopo mapajani, uso umeelekea mlangoni. Alikaa katikati, akaacha nafasi huku na huku. Mimi nilikuwa wa kwanza kuondoka.