Makofi ya Ajenda ya Saba

Dirisha la tiketi la uwanja wa klabu yetu, Radi, halijauza tiketi kwa miaka tisa. Linauza kahawa. Aliyekuwa akikata tiketi pale alifariki, mjane wake akabaki na ufunguo, na kwa kuwa watazamaji nao walikuwa wamepungua hadi kutosha benchi moja, mama akaona heri awape kitu cha kunywa. Tukamwita Mama Dirisha. Benchi lenyewe lilikuwa la wachezaji wa akiba. Lilihamia barabarani siku timu ilipoishiwa wachezaji wa akiba. Hapo hukaa Katiba, karani mstaafu aliyewahi kuiona katiba ya klabu kabla haijaliwa na mchwa, na ambaye tangu hapo huinukuu bila hofu ya kusahihishwa. Hukaa Winga, fundi cherehani, aliyeichezea Radi dakika kumi na moja za maisha yake. Hukaa Bwana Kombe, kinyozi, ambaye alikuwepo siku tulipotwaa kombe na hajaondoka kwenye siku hiyo mpaka leo. Na mimi, ambaye kazi yangu ni kuwaandikia watu barua za maombi. Asubuhi ya juzi tulikuta geti la uwanja limepigwa kufuli jipya, kubwa kama kiatu cha mtoto. Mama Dirisha alikuwa nje, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, na dirisha lake limefungwa nyuma yake kama jicho la mtu aliyenuna.

Mama Dirisha: Leo kuna vikombe kumi na viwili tu. Birika la kuazima, kahawa ya kuazima. Vyangu vyote viko ndani. Mlango wangu uko nyuma ya geti na geti limefungwa. Sasa niambieni, nyinyi wenye klabu, nani kafunga?

Hutuita hivyo, wenye klabu, kwa sababu sisi wanne tuna kadi za uanachama. Yeye hana. Ombi lake lipo kwenye Kamati ya Uanachama tangu mumewe yu hai.

Katiba: Shemeji, tulia. Hili ni suala la kikatiba. Ibara ya arobaini na tatu: uwanja hufungwa siku sitini kabla ya uchaguzi.

Mama Dirisha: Mwezi uliopita ulisema katiba ina ibara thelathini.

Katiba: Thelathini ndizo zilizosalia. Mimi nanukuu zilizoliwa.

Winga: Uchaguzi gani, bwana? Mwenyekiti ana miaka kumi na nane pale na hajawahi kuona karatasi ya kura. Mimi nawaambia, kapatikana mwekezaji. Analeta mshambuliaji kutoka ng'ambo, na huyo mshambuliaji yumo humo ndani sasa hivi. Anafichwa.

Kombe: Anafichwa? Mbona hatujamwona akiingia?

Winga: Si ndiyo maana ya kufichwa!

Kombe: Na anakula nini?

Winga: Gunia la kahawa la Mama si limo humo?

Tulicheka. Mama Dirisha hakucheka. Alimimina kikombe cha kwanza, akampa Katiba, kisha akaweka kijiti chini, karibu na mguu wake. Kila kikombe, kijiti.

Hapa nimweleze asiyetujua. Zamani Radi ilicheza ligi kuu, na wageni walikuwa wakija kwa mabasi wakiwa wameshaanza kuomba radhi. Tukashuka daraja. Tukashuka tena, maana ngazi ukishaizoea haichoshi. Mechi ya mwisho tulifungwa sita na timu ya wafyatua matofali, ambao nusu ya pili walicheza kwa zamu ili kazi isilale.

Winga: Wahenga walisema, asiyekubali kushindwa si mshindani. Sisi tumekubali mara kumi na nne mfululizo. Nani mshindani kutuzidi?

Kombe: Usinichefue. Mimi nimelishika kombe kwa mikono hii, wewe ulikuwa unashika matiti ya mama yako.

Mama Dirisha: Na hilo kombe liko wapi, Bwana Kombe?

Kombe akanywa kahawa kwa muda mrefu kuliko kahawa iliyokuwemo.

Kombe: Ni habari ndefu. Uongozi uliona aibu vikombe vyetu vinakaa sakafuni. Wakanunua kabati. Kabati la vioo, lenye taa ndani. Sasa lilinunuliwa kwa mkopo, na mkopo unataka dhamana.

Mama Dirisha: Wakaweka dhamana nini?

Kombe: Vikombe.

Mama Dirisha: Kwa hiyo vikombe vilichukuliwa, kabati likabaki.

Kombe: Na taa yake inawaka mpaka leo. Ukilitazama jioni unaliona lilivyo tupu vizuri kabisa.

Mama Dirisha: Nani alikubali jambo kama hilo?

Kombe: Mkutano mkuu.

Katiba: Kwa makofi.

Winga: Makofi mengi tu. Lilikuwa kabati zuri kwenye picha.

Mama Dirisha akaweka kijiti cha nne.

Katiba: Shemeji, usituone wajinga. Klabu hii ina usimamizi. Fedha zinasimamiwa na Kamati ya Fedha. Kamati ya Fedha inafuatiliwa na Kamati ya Ufuatiliaji. Na Kamati ya Ufuatiliaji ilipoonekana inazidisha posho za vikao, tuliunda Kamati ya Kupunguza Vikao.

Winga: Ambayo inakutana kila wiki.

Katiba: Lazima ikutane! Itapunguzaje vikao bila kukaa? Tuna kamati kumi na moja. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Mama Dirisha: Kamati kumi na moja, na wachezaji?

Katiba: Tisa. Lakini hao wanasajiliwa, kamati inateuliwa. Ni mambo mawili tofauti. Na penye wengi hapaharibiki neno.

Kombe: Kweli, neno halikuharibika. Liliharibika basi la timu.

Winga: Basi halikuharibika, liliuzwa.

Kombe: Liliuzwa ili zipatikane fedha za kulitengeneza!

Mama Dirisha: Nani alikubali?

Katiba alikutanisha viganja vyake viwili mara moja, polepole, bila mlio.

Baada ya kikombe cha saba mazungumzo yalipanda joto, kama yapandavyo pale ambapo hakuna mwenye habari. Winga alijisogeza ukingoni mwa benchi, akatazama huku na huku, akashusha sauti ambayo bila shaka iliwafikia hata wapita njia wa upande wa pili.

Winga: Sasa nawapa siri. Chini ya uwanja huu kuna madini. Kwa nini nyasi hazioti kwenye eneo la penalti?

Kombe: Kwa sababu mbuzi wa mlinzi wanalala pale.

Winga: Na kwa nini mbuzi wamechagua pale? Mnyama anajua! Uongozi wanajua tangu zamani. Wameishusha timu makusudi, daraja baada ya daraja, ili thamani ya klabu ianguke wainunue wenyewe kwa bei ya shati kuukuu. Sisi hatufungwi, ndugu zangu. Sisi tunapunguzwa bei.

Kombe: Ngoja. Hata yale sita ya wafyatua matofali?

Winga: Matatu yalikuwa ya mkakati. Matatu tulifungwa wenyewe.

Katiba: Mimi naenda mbele zaidi. Hivi, kuna mtu aliyewahi kuiona ligi?

Kombe: Ligi gani?

Katiba: Ligi yenyewe. Timu tunaziona, waamuzi tunawaona, barua za faini tunazipata. Lakini ligi inakaa wapi? Ina mlango? Huenda hatujashuka daraja popote. Huenda tumetumiwa barua tu, tukaamini, tukashuka kwa hiari. Mimi nimekaa ofisini miaka thelathini na mbili, najua barua inavyoweza kumshusha mtu.

Nilikuwa nataka kuchangia nadharia yangu, iliyohusu mbuzi na mwenyekiti, na ambayo mpaka leo naiona nzuri. Lakini alikuja mtu. Alibeba vigingi vyenye vichwa vyekundu kwapani, utepe wa kupimia shingoni, na viatu vyake vilijaa vumbi jeupe la chokaa. Alitusalimia kwa adabu, akaomba kahawa. Mama Dirisha akampa kikombe cha kumi.

Mgeni: Ahsante, mama. Wazee, samahanini, nitaomba benchi lisogee kidogo. Mpaka unapita chini yenu.

Tulisogea. Ndivyo tulivyo, ukituomba vizuri tunasogea. Ni baada ya kukaa tena ndipo Kombe alipouliza.

Kombe: Mpaka wa nini?

Mgeni: Wa kiwanja. Mimi ni mpimaji. Hili kufuli ni langu. Niliacha vyombo vyangu humo jana jioni nikaona nifunge, nikajua hakuna anayepatumia. Mama, wewe ndiye mwenye lile jiko na gunia? Nakufungulia sasa hivi utoe vitu vyako.

Mama Dirisha: Nitoe birika?

Mgeni: Utoe vyote, mama. Patajengwa maghala.

Hakuna mshambuliaji aliyetoka mle ndani. Mama Dirisha hakusimama. Aligeuka akalitazama dirisha, ile mbao yake yenye michubuko ya sarafu za miaka ambayo mumewe alikaa upande wa pili akisema "wangapi, bwana?" kwa kila mtu, hata kwa aliowajua. Winga akaacha kutikisa mguu. Katiba ndiye aliyesema, tena kwa sauti ya ofisini.

Katiba: Haiwezekani. Uwanja ni mali ya wanachama. Hauuzwi bila idhini ya mkutano mkuu.

Mgeni akaweka kikombe chini, akafungua mkoba, akatoa karatasi yenye mihuri mitatu. Akasoma kwa kidole.

Mgeni: Muhtasari wa mkutano mkuu wa mwaka. Ajenda ya saba, mengineyo. "Wanachama waliridhia kwa kauli moja uwanja uuzwe, na waliridhia kwa makofi ya muda mrefu." Nyinyi ni wanachama?

Sisi ni wanachama. Na hapa lazima niandike ukweli, jambo ambalo katika kazi yangu silizoei. Radi haipigi kura. Kura tuliziacha mwaka ule mikono iliyonyooshwa ilipohesabiwa ikazidi watu. Tangu hapo tunapitisha kwa makofi. Siku ile mwenyekiti alitangaza kwamba chakula kiko tayari ukumbi wa pili na kitatolewa ajenda zikiisha. Harufu ilikuwa inapita chini ya mlango. Kuanzia ajenda ya nne tulikuwa tunapiga makofi kabla hajafika kwenye nukta. Ajenda ya saba tuliipigia tukiwa tumeshasimama. Mimi nilipiga vizuri sana. Jirani yangu alinisifu.

Mgeni: Mimi si mtu wa mpira, wazee. Pingamizi linapokelewa mpaka Ijumaa, ila aliyekuwepo lazima aandike kilichosomwa na kwa nini hakubaliani nacho. Kwa hiyo nauliza tu. Mlipokuwa mnapiga makofi, mwenyekiti alikuwa anasoma nini?

Katiba alifungua mdomo. Ibara haikutoka. Kombe alitazama viganja vyake kama mtu aliyekabidhiwa mizigo isiyo yake. Winga, mwenye nadharia ya kila kitu hadi usingizi wa mbuzi, alianza kuhesabu vifungo vya shati lake, shati alilolishona mwenyewe. Na mimi nikatafuta kichwani aya hata moja, nikakuta makofi matupu na harufu ya chakula.

Mama Dirisha akamimina kikombe cha kumi na moja, kisha cha kumi na mbili. Akalikung'uta birika. Yakatoka mashapo meusi, yakadondoka kwenye vumbi.

Mama Dirisha: Kahawa imeisha. Wanaoafiki wapige makofi.

Hakuna aliyepiga. Katiba alikuwa ameikalia mikono yake. Nadhani ilikuwa hoja ya kwanza katika historia ya klabu kukosa makofi.

Mama Dirisha: Mimi nilikuwepo siku ile. Nilikuwa napitisha kahawa. Sinia mikononi, sikuweza kupiga makofi, kwa hiyo nilisikia. Alisoma uwanja, na nyumba ya tiketi, na ukuta wote mpaka barabarani. Alisoma bei. Alimsoma na mnunuzi. Kisha akameza mate, akatazama, akakuta mnapiga makofi.

Kombe: Mama! Na hukusema?

Mama Dirisha: Nilisema. Mkutano ulipoisha nilimfuata huyu shemeji yangu nikamwambia, nimesikia kitu kibaya kwenye mengineyo. Akaniambia, mengineyo hayawahusu wasio wanachama.

Katiba: Ibara ya...

Alivua kofia, akaiweka magotini, akaitazama ndani kana kwamba ibara zote zilikuwa zimeandikwa humo na zimefutika.

Katiba: Nisamehe, shemeji.

Mgeni alikwenda getini, akafungua kufuli, akaliacha linaning'inia. Akasema yeye atapima upande wa mbali kwanza, ule wa goli la mashariki, na kwamba ule ni mkubwa, unaweza kumchukua mpaka jioni. Alisema hivyo bila kututazama, akaenda na utepe wake.

Nikatoa karatasi na kalamu, nikaiweka karatasi juu ya ndoo.

Mimi: Sema, mama. Kama alivyosoma. Usiharakishe.

Akasema, na mimi nikaandika, na kwa mara ya kwanza katika miaka yangu ya kalamu sikuongeza kitu. Winga alishika karatasi isipeperuke. Tulipofika mwisho, Katiba akakohoa kidogo, kwa unyonge.

Katiba: Tatizo moja, shemeji. Pingamizi ni lazima lisainiwe na mwanachama. Kwa mkono wake.

Mama Dirisha alikuwa ameshasimama, anaelekea getini kulifuata birika lake.

Mama Dirisha: Mikono si mnayo? Ile ile ya siku ile.